Gesi ya Mzee Eliaichi

Mzee Eliaichi, mlinzi wa zahanati, alikutwa amelala chali chini ya AC ya stoo ya dawa, mikono imeungua. Alikuwa anapumua, basi.

Saa nne asubuhi fundi Hamdani alikuwa mahabusu, kituo cha Same. Jana yake alizozana na mzee, na mpira wa kujazia gesi uliokutwa umefungwa kwenye AC ulikuwa wake. Mzee akifa, hiyo ni kesi ya mauaji.

Inspekta Koleta aliunusa ule mpira. "Mh! Mbona unanuka kama jikoni kwangu?"

Akamtoa Hamdani mahabusu ili amhoji.

"Mlizozania nini?"

"Alitaka nimalize haraka. Nikamwambia AC imepungukiwa gesi, nasubiri mtungi kutoka Moshi."

"Na mpira?"

"Niliuacha, afande. Ningerudi leo."

"Gesi yako inanuka hivi?"

"Wala! Hiyo ni ya kupikia. Ukiichanganya na iliyobaki kwenye AC, cheche moja tu, inalipuka."

Koleta alifungua orodha ya vielelezo. Askari wameandika: mtungi wa gesi, mmoja. Akaenda kuutazama mwenyewe. Jamani! Mtungi mdogo wa kupikia, shingo imeungua. Kwenye kibanda cha mlinzi jiko la gesi lilikuwepo, mtungi hakuna, na chai imechemshiwa kwenye mafiga.

Siku ya tatu alisimama tena hospitalini kando ya kitanda cha mzee, ambaye tangu aletwe hakuwa amezinduka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Koleta alishusha pumzi, akavuta kiti.

"Nani alifunga ule mtungi?"

"Mimi. Dawa za kifafa za mjukuu wangu, Careen, zimo mle stoo. Nesi alisema joto likizidi, zote zinatupwa. Kwetu Suji kuna baridi, lakini hapa Same! Fundi akasema gesi imepungua. Gesi si ninayo?" Machozi yakamtoka. "Dawa zimeharibika?"

"Zilihamishwa asubuhi ileile, baba. Careen amemeza za leo."

"Asante Mungu. Asante Mungu wangu."

Koleta akapiga simu kituoni; baada ya muda Hamdani, aliyetoka kuachiwa, aliingia bado anashikilia suruali, mkanda aliorudishiwa mkononi. "Mzee, nusura nifungwe maisha!"

"Si ulisema gesi, bwana? Hukusema ipi."

Fundi alicheka mpaka akakaa kitandani. Koleta naye alicheka, akachukua kalamu, na kwenye orodha, mbele ya "mtungi wa gesi", akaongeza: ya kupikia.