Wachangia Damu wa Kandida

Tovuti ya Kandida ilikuwa imekufa tangu Pasaka, na Sifael, fundi aliyeitengeneza, mwenyewe ndiye aliyeifuta. Kwa hiyo alipoikuta mchana kweupe imefunguka kwenye kompyuta ya ofisi yake pale Kaloleni, alidhani ni utani wa mtu.

Kandida alikuwa mkunga, Mmeru wa mlimani. Alikusanya majina ya wachangia damu, kila mmoja na kundi lake la damu na simu yake, akamwomba Sifael ayaweke mahali pasipozimika.

"Kaka, hii si pambo," alimwambia. "Kuna siku mtu atakuwa anakufa."

Sifael akaitikia, kisha akaitupa tovuti kwenye seva, kompyuta ya kukodi ya bei chee iliyobeba tovuti mia nne, bila nakala ya akiba. Rahisi ni ghali, lakini nani amwambie mjuaji? Kandida akajifungua, damu ikakataa kukata, mumewe akafungua tovuti ile na seva imelala. Iliamka siku ya tatu, tupu, mkunga yuko kaburini. Sifael akaifuta kimyakimya, na msibani hakukanyaga. Mtu mzima hovyo!

Sasa majina yote yalikuwa yamerudi. Ofisi ikanuka spiriti ya hospitali. Akafungua tovuti ya hoteli, mteja wake mwingine, ikaja orodha ile. Akafungua ya shule, orodha ile. Akachomoa waya ukutani, kioo kikabaki kinawaka, na nyuma ya kiti chake mtu akawa anahema taratibu, kama mzazi aliyechoka, na kila alipogeuka hapakuwa na mtu ila harufu imezidi.

Simu ikaita. Mkewe Brenda, mjamzito wa miezi tisa.

"Baba, umenitumia mkunga?" alinong'ona. "Amenishika tumbo. Mikono yake ya baridi. Ameniuliza kundi langu la damu."

"Toka humo ndani. Nenda hospitali sasa hivi."

Yeye akakimbilia mlimani kwa mama yake Kandida, akang'oa jani la sale mpakani mwa shamba, akapiga magoti. Wameru wanajua: ukiletewa sale, jani la kuombea msamaha, unasamehe si kwa kupenda, bali kwa sababu haikataliwi.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyemuua mwanao."

Bibi akalipokea jani.

"Marahaba. Mimi nimepokea," alisema. "Lakini aliyekufa si mimi."

Hata Sifael hajainuka, nesi akapiga simu kutoka hospitali. Brenda anavuja damu, kundi lake ni O hasi, na benki ya damu haina hata chupa moja.

Sifael akafungua ile orodha kwenye simu. Akapiga namba ya kwanza.

"Usihangaike, kaka," sauti ya Kandida ikajibu kwa upole. "Nipo naye."

Akapiga ya pili. Sauti ileile. Akapiga ya tatu, na safari hii akamsikia Brenda kwa mbali, hoi, akisema, "Asante dada. Sasa sisikii maumivu tena."