Vipimo vya Mwalimu

Fundi hakuweza kukata nguo kimya kimya. Alipopima, alitamka. "Kifua, mia moja na kumi! Mkono, hamsini na nane!" Bibi aliyemfundisha kushona ndiye aliyemzoeza hivyo. Alisema kipimo kilichotamkwa hakisahauliki. Na kweli, kwa miaka ishirini, hakuna nguo ya Fundi iliyorudishwa kwa kubana wala kwa kupwaya.

Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Kulikuwa na meza ndefu ya kukatia, vyerehani viwili na pasi. Mumewe, dereva mstaafu, alikaa pembeni akirekodi kwa simu. Aliishika kwa mikono miwili kama usukani. Alipohema, picha nayo ilipanda na kushuka.

"Pumzi, baba watoto! Pumzi!" Fundi alimkemea.

"Sasa unataka nife ndipo picha itulie?"

Walikuwa wanarekodi masomo. Fundi alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, wanawake wa miji mingine, waliomlipa ada ili wajifunze kushona wakiwa kwao. Mwanzoni mume alizituma video moja kwa moja kwenye simu zao. Simu zikajaa. Tena picha zilifika zikiwa na ukungu, hata mwanafunzi mmoja akashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto.

Siku moja mume aliingia anachekelea.

"Nimepata dawa! Video zote nimeziweka kwenye mtandao wa bure. Wanafunzi nimewatumia linki. Wakibonyeza tu, wanaona."

"Na watu wengine je?"

"Watazionaje? Linki tumewapa wale kumi na mmoja peke yao."

Fundi aliridhika, akarudi kwenye mkasi wake.

Somo moja kati ya hayo lilikuwa la kuchora gauni kwenye kitambaa kabla ya kukata. Gauni lenyewe lilikuwa la Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, mteja wa Fundi kwa miaka kumi na mitano. Alikuwa zaidi ya mteja. Fundi alipolazwa, Mwalimu ndiye aliyewapikia wanawe kila jioni. Kwa hiyo walitaniana bila kuogopana.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, Mwalimu aliingia bila hodi. Hakuketi. Aliiweka simu yake juu ya meza na kubonyeza. Sauti ya Fundi ikajaa chumbani.

"Nyonga, mia na ishirini na nane! Haya, Mwalimu wetu Mkuu neema imemwangukia! Hapa tuongeze kitambaa, wanangu, tusije tukaaibika."

Fundi aliuweka mkasi mezani.

"Watu elfu sita wameitazama," Mwalimu alisema polepole. "Jana nilipita mbele ya darasa la nne. Nikasikia mtu ananong'ona, 'Mia na ishirini na nane.' Darasa zima likacheka. Nilifika ofisini nikafunga mlango."

"Dada yangu, wallahi sikujua. Nilidhani ni wanafunzi wangu tu."

"Nipe kitambaa changu."

Alikikunja mwenyewe na kutoka. Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani, akalia. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga kwa mdomo wake mwenyewe.

Mume alifanya la maana: alivuka barabara kwenda kumwita Bi Waya. Mama huyu alitengeneza video za mafunzo kwa wafanyakazi wa kampuni za usafirishaji. Alipewa jina hilo kwa sababu mkoba wake haukukosa nyaya.

Bi Waya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwanza tuitoe video hiyo, sasa hivi. Kama mtu aliinakili, hiyo hatutaweza kuirudisha. Lakini tusiwaongezee watazamaji."

Waliifuta. Mume aliinamisha kichwa. "Kosa ni langu. Ila linki nilituma kwa wale kumi na mmoja tu, naapa."

"Shemeji, ulidhani linki ni ufunguo. Linki ni kibao cha kuonyesha njia. Mlango wenyewe uliuacha wazi. Ulipopandisha video, mtandao ulikuuliza iwe ya wote au ya faragha. Ulijibu nini?"

"Niliona maneno mengi, nikabonyeza ndiyo."

Hata Fundi alicheka kidogo katikati ya machozi.

"Na kama ningechagua linki ya siri?" mume aliuliza.

"Ingesaidia kidogo. Haitokei mtu akitafuta, lakini anayepewa linki anaweza kumpa mwenzake. Mtandao wa bure si mbaya, msiulaumu. Ni kama kuuza sokoni. Wapita njia wengi watakuona. Lakini sokoni huwezi kumfungia mtu, na matangazo ya wengine yatapita juu ya kazi yako."

Fundi alikumbuka. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba kabla ya somo la kola alionyeshwa tangazo la magauni yaliyokwisha kushonwa. "Nikajiuliza, kwa nini nijisumbue kushona?" alisema.

"Kuna mitandao ya kulipia, ya watu wa biashara," Bi Waya aliendelea. "Unaweka neno la siri au orodha ya wanaoruhusiwa. Hakuna matangazo. Unaona nani ametazama na ameachia wapi."

"Basi tuchukue mmoja tulipie," mume alisema na kuitoa simu.

Fundi alimshika mkono. "Bonyeza hiyo tena nikukate na mkasi! Nguo haikatwi kabla ya kupima. Bi Waya, tunapimaje?"

"Umeniuliza swali zuri. Haya, wewe mwenyewe unataka nani aone masomo?"

"Wanafunzi wangu tu."

"Wanatumia nini?"

"Simu. Wengine intaneti yao ni ya kubahatisha. Na bando wanalihesabu."

"Ukitaka kuhama kesho, je, utaweza kuzichukua video zako? Ukikwama, kuna mtu wa kukujibu? Hayo ndiyo ya kuuliza. Tena mingi inakuruhusu kuijaribu siku kadhaa bila malipo. Ijaribu yote kwa video ile ile."

Walijaribu mitatu. Waliweka somo moja la kupachika zipu, wakawaomba wanafunzi wawili watazame. Mmoja aliishi mjini. Mwingine aliishi mbali, penye mtandao hafifu.

Wa kwanza ulikuwa na picha safi ajabu. Lakini yule wa mbali aliandika, "Fundi, tangu asubuhi naona mkono wako umeinuliwa tu. Utashuka lini?" Mtandao huo haukupunguza ubora wa picha pale intaneti ilipokuwa dhaifu.

Wa pili ulijaa vitu vya makampuni makubwa, na ulitaka malipo kwa kila mtazamaji. Mume aliufurahia. Ulikuwa na vibonyezo vingi.

"Lori la kubebea kikapu," Fundi alisema. Mume, dereva wa miaka thelathini, akaufunga mtandao huo.

Wa tatu haukuwa na urembo. Lakini ulikuwa na neno la siri, ulishusha ubora wa picha wenyewe penye intaneti dhaifu, na ulimruhusu Fundi kuzipakua video zake wakati wowote. Wote wawili walimaliza somo. Zipu mbili zilishonwa, na picha zake zikatumwa. Waliuchagua huo.

Mtandao wa bure hawakuuacha. Huko waliweka video fupi za kuvutia wanafunzi wapya. Ndani yake alipimwa mume tu, kwa ridhaa yake. Alilitangaza tumbo lake mwenyewe kwa majivuno. Mwisho wa mwezi wa pili, wanafunzi walikuwa kumi na tisa.

Lakini furaha ya Fundi ilikuwa na tundu. Alikuwa amekwenda kwa Mwalimu mara mbili kuomba radhi. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa. Mara ya pili ulifunguliwa. Alieleza yote bila kujitetea. Mwalimu alisikiliza, akasema, "Nimekusikia," basi.

Asubuhi moja, Fundi akiwa anapiga pasi, alisikia hodi. Mwalimu alisimama mlangoni na kile kitambaa mkononi.

"Hakuna mwingine anayejua mabega yangu," alisema.

Mume aliifunika simu kwa kofia, akatoka nje bila kuambiwa.

Fundi alichukua utepe. Alipima mabega, akaandika. Alipima kifua, akaandika. Alipofika kwenye nyonga, mdomo ulimfunguka kwa mazoea ya miaka ishirini. Akaufunga. Aliweka kidole kando ya namba kwenye utepe na kumwonyesha Mwalimu peke yake.

Mwalimu aliinama, akatazama. "Ni ile ile?"

"Mimi sijui kusoma," Fundi alisema.

Mwalimu alicheka mpaka utepe ukaanguka. Fundi aliuokota, akaanza kupima upya, kimya, huku machozi yakimtiririka.