Chiriku Akataa Kuitikia

Kila siku baada ya masomo, kikundi cha muziki cha darasa la saba kilifanya mazoezi katika stoo ya madawati. Nguzo za kikundi zilikuwa binamu wawili: Mistari, mvulana aliyechana mashairi ya rap kwa kasi kama cherehani, na Chiriku, msichana aliyeitikia kwa sauti nyororo.

Mashindano yalipokaribia, Mistari alileta wimbo mpya aliouiga kwa wasanii aliowasikiliza kwenye simu. Uliwaita wasichana vyombo, wapenda pesa, watu wa kuamrishwa tu. Wavulana walicheka hadi wakashika mbavu. Kesho yake wakawa wanawaita wasichana kwa maneno yale yale uwanjani. Mpiga ngoma wao, msichana mpole, akaacha kuja mazoezini.

"Huo siitikii," Chiriku alisema.

"Acha hizo, binamu! Ni mashairi tu."

"Mashairi tu? Basi twende ukamwimbie shangazi."

Shangazi, mama yake Mistari, alikuwa fundi mwashi. Walimkuta akipiga lipu ukuta wa jirani.

"Haya mwanangu, niburudishe," alisema, akajifuta jasho.

Mistari alifungua kinywa. Akakifunga tena. Alitazama mikono ya mama yake iliyopasuka kwa saruji, mikono iliyomlisha na kumsomesha. Akainamisha kichwa.

"Mama, wimbo huu unawadharau wasichana... kwako hauimbiki."

"Kwangu hauimbiki! Kwani wenzako wa kike wana masikio ya bati?"

Jioni ile Mistari alikwenda kwa mpiga ngoma kuomba radhi. "Nilikukosea," alisema. Msichana akauliza, "Mazoezi saa ngapi?"

Walitunga upya, wote pamoja. Siku ya mashindano, Mistari alichana juu ya mwanamke anayeinua kuta, Chiriku akaitikia, ngoma ikanguruma. Ukumbi mzima ulisimama! Walipotangazwa washindi, mpiga ngoma ndiye aliyeliinua kombe, huku wavulana waliokuwa wakidhihaki wakiimba kiitikio kwa nguvu kuliko wote.

Shangazi aliwakumbatia, machozi yakimlengalenga.

"Kuchana si kosa, wanangu. Kosa ni kumdharau mtu kisha ukamtaka acheze. Neno usiloweza kumwambia mama yako usoni, usimwimbie binti wa mwenzio."