Mwanamume Aliyesema Kweli

Siku ya gulio, soko la Ngara mjini lilifurika watu wa vijijini na wakimbizi kutoka kambi ya Lukole. Felisita, aliyejifunga kitenge chenye maua ya njano, alikuwa akipanga vitenge vyake vya kuuza mezani, mlevi mmoja alipokwapua doti moja.

"Iache," sauti ya kiume ikasema.

Haikuwa sauti kubwa. Mlevi aligeuka, akamwona msemaji, akairudisha doti kwa mikono miwili na kutokomea. Watu wakasogea pembeni.

"Kitenge chako hiki alichokishika kimeingia vumbi, dada," alisema yule mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri.

"Basi kinunue."

Akacheka. Mama wa meza ya jirani akainamisha uso. Alimjua: Desderius, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, kule Nyakisasa. Miaka ile ya ukimbizi, wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu, na sungusungu walipomkamata mtu hakuna aliyewauliza sana.

Alikinunua, na namba ya simu akapewa. Wiki zilizofuata alipiga kila jioni.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Desderius, eti ulimvunja mtu mkono?"

Desderius hakukana.

"Kweli. Mkimbizi mmoja, Gidioni. Nilidhani ni mwizi wa ng'ombe."

"Alikuwa mwizi?"

"Hapana."

Felisita alikaa na simu sikioni. Wanaume wengi walikuwa wamemdanganya kwa mambo madogo. Huyu hakuficha hata kubwa. Pale ndipo moyo wake ulipozama katika mapenzi. Akipita naye sokoni, hakuna aliyethubutu kumtania, na utulivu ule ukampendeza kuliko alivyotaka kukiri.

Kisha Alfonce akapotea. Alikuwa dereva wa lori aliyewahi kumchumbia Felisita akakataliwa, lakini bado alisimama kumsalimia kila alipopita. Felisita alipokutana naye stendi, Alfonce aliangalia kwanza nyuma yake.

"Usisimame nami, dada. Yule bwana wako alishaniambia."

Jioni ile Felisita ndiye aliyepiga.

"Ulimfanya nini Alfonce?"

"Sikumgusa. Nilimwambia tu asipite tena mezani kwako."

"Naye akatii."

"Nakupenda, Felisita. Ulitaka nimwangalie tu?"

"Ulipokiri habari za Gidioni nilidhani umeshaiacha tabia ile. Kumbe ulikuwa unanieleza ulivyo. Na mimi nilifurahia watu wakikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha. Usinipigie tena."

"Nifanye nini?"

"Mimi siwezi kukusamehe kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine. Nenda kwa mwenyewe."

Alilia, akaosha uso, akaendelea kuuza. Desderius hakupiga tena. Habari zilikuja zenyewe: amejiuzulu ukamanda, wenzake wanamwita mwoga. Usiku Felisita aliishika simu, akairudisha chini ya mto.

Maharage yalipokomaa, mwanamume mwembamba alisimama mbele ya meza yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda kwenye kiwiko.

"Wewe ndiye Felisita?"

"Ndimi. Karibu, kaka."

"Mimi naitwa Gidioni. Yule mtu wako, Desderius, alikuja kwangu kambini, akasema wewe ndiye uliyemwambia aje. Siku ya kwanza mke wangu alikimbia na watoto, nikamfukuza. Akarudi. Nikamwambia, mkono huu haushiki jembe, bustani imelala. Akalima. Kila wiki anatoka Nyakisasa kwa miguu, analima, anaondoka."

"Umemsamehe?"

Gidioni aligusa kiwiko chake.

"Hapana. Labda sitaweza. Lakini juzi alikosea, akang'oa miche yangu. Nikamfokea mbele ya majirani. Akainamisha kichwa, akaipanda upya. Nikajikuta simwogopi. Nimeona nije nikwambie hilo tu. La kuolewa naye ni lako."

Alipoondoka, Felisita alifunga meza mapema. Mchana ule ule akapiga.

"Desderius."

Alisikia pumzi ya mtu aliyeacha kufanya alichokuwa akifanya.

"Nipo."

"Uje nyumbani umsalimie baba. Pitia kwa Alfonce kwanza, umwombe radhi."

"Nitakwenda. Baba atauliza habari za ule mkono?"

"Atauliza."

"Nitamwambia ukweli."

"Hilo unaliweza, nalijua," Felisita alisema taratibu. "Nami nitakaa pale pale, nikuangalie utakavyofanya baba akikufokea."