Jina la Baba Kwenye Orodha

Fundi cherehani alikuwa barazani akipinda sketi ya shule. Kaka yake, mkulima wa mahindi, aliingia bila hodi akavuta kigoda.

"Dada, mumeo ametula."

"Amekula nini tena?"

"Ruzuku yangu. Misimu miwili imepita. Wenzangu wanatumiwa fedha za mbolea kwenye simu, mimi nakodoa macho. Katibu wa kikundi cha wakulima ni nani? Si mumeo? Na bati hili jipya limetoka wapi? Nimeshamwita mwizi kisimani, mbele ya watu."

Mguu wa fundi ulisimama kwenye pedali. Mumewe alikuwa amemwambia bati limenunuliwa kwa fedha za ng'ombe aliyemuuza. Alimwamini. Sasa, kwa mara ya kwanza, alianza kupiga hesabu ya bei ya ng'ombe.

Bibi shamba, ofisa wa kilimo, alikuwa pale akisubiri koti lake la mvua litiwe zipu.

"Mbona mnagombana gizani?" akasema. "Ruzuku ni fedha za umma. Zinampunguzia mkulima gharama. Kwa hiyo orodha ya wanaopewa si siri. Jina, ukubwa wa shamba, kiasi alichopewa: vyote vibandikwe mahali watu wanapopita. Mmeisoma?"

"Orodha gani?" kaka akauliza.

Wakaongozana mpaka ofisi ya kikundi, chumba kilichopakana na mashine ya kusaga. Katibu aliposikia neno orodha, akafunga droo.

"Hiyo ni karatasi ya ofisi. Nikiibandika, watu watachunguzana."

"Wachunguzane," bibi shamba akajibu. "Ndiyo kazi yake."

"Baba watoto," fundi akasema taratibu, "fungua droo."

Akafungua. Fundi alisoma mwenyewe, kidole kikipita juu ya majina. Ukurasa wa tatu kidole kikasimama. Jina la kaka yake halikuwepo. Penye shamba lake paliandikwa jina la baba yao, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Pembeni: *Fedha zimetumwa. Hazikupokelewa. Zimerudi.* Mara mbili.

"Baba?" kaka akashangaa. "Yaani tangu tumzike ndiyo amekuwa mkulima hodari?"

"Mlibadilisha jina la shamba?" bibi shamba akauliza.

Familia ilikubaliana jina la mzee lisiguswe. Kulifuta waliona ni kama kumzika mara ya pili. Simu ya mzee, mama aliifunga kwenye kanga, akaiweka sandukuni, imezimwa. Fedha zilikuja, zikakosa mwenyewe, zikarudi.

Fundi alikaa juu ya gunia, akashusha pumzi ndefu. Hesabu ya ng'ombe ikamtoka kichwani.

"Mmeona? Mimi si mwizi," katibu akasema. "Huwa naipokea na kuifungia, sikuwahi kuisoma."

"Si mwizi," mkewe akajibu. "Lakini karatasi safi ukiificha, inanuka kama chafu."

Bibi shamba akaeleza: cheti cha kifo, barua ya familia inayosema nani analima, kitambulisho, namba ya simu inayotumika. "Za nyuma zimekwenda. Za msimu huu mtaziwahi. Mwisho ni Ijumaa."

Alhamisi mama yao alitia kidole cha wino kwenye barua. Alilia kidogo, kisha akasema mzee asingependa shamba lilale njaa kwa ajili ya jina.

Katibu naye akabandika orodha kwenye mlango wa mashine. Siku ya pili tu, watu walimwona humo muuza vipuri, eti ana ekari tano, mtu asiye na hata jembe. Wakalalamika kwa maandishi. Ofisi ya kilimo ikakagua, ikamfuta.

Fedha za mbolea za kaka ziliingia kwenye simu kabla ya mvua. Asubuhi moja alisimama mbele ya foleni ya wasagishaji, akavua kofia.

"Jamani, nilimwita shemeji yangu mwizi. Nilikosea. Kosa lilikuwa letu, someni wenyewe hapo mlangoni."

Katibu alimtazama. "Shemeji, kisimani walikuwa wengi zaidi."

"Najua," kaka akasema, akivaa kofia. "Ndiko ninakokwenda. Twende wote, wasije wakasema nimekusingizia wema."