Kikopo cha Fundi Makochi

Fundi makochi alianza kazi kila siku kwa kukohoa. Alifungua karakana yake mbele ya nyumba, akachana kochi kuukuu, akatoa sponji iliyochakaa, na vumbi likamjaa usoni. Kisha alikohoa mpaka akashika meza.

"Ni vumbi tu," aliwaambia wateja. "Fundi asiyekohoa hajafanya kazi."

Wateja walicheka. Mkewe hakucheka. Yeye ndiye aliyefua shuka zilizolowa jasho kila asubuhi. Suruali za mumewe alikuwa amezipunguza kiuno mara mbili. Vumbi gani hilo linalomkondesha mtu?

Nyumbani walikuwa wanne: fundi, mkewe, binti yao, na mtoto wa binti mwenye miezi minane. Mtoto huyo alikuwa roho ya babu yake. Kazi ikiisha, babu alinawa, akambeba, akamwimbia nyimbo zisizo na maneno. Sasa mtoto naye alikuwa anakohoa. Wiki nzima hakunyonya vizuri, na kliniki mizani ilionyesha kwamba uzito haujaongezeka.

"Baba, nenda ukapime tena," binti alisema.

"Nilipima mwezi uliopita. Cheti kinasema sina kifua kikuu. Unataka niwe nacho kwa lazima?"

"Nataka mwanangu apone."

Fundi alitia pamba masikioni. Ukweli ni kwamba aliogopa. Ndiyo maana alikuwa mkali.

Jirani yao alikuwa mama mmoja, mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya. Mtaani walimwita Hadubini, kwa sababu hakuna kitu kidogo kilichompita, hata kifungo kilichokatika. Jioni hiyo alikuja kuchukua stuli yake iliyobadilishwa kitambaa. Alisikia kikohozi cha fundi, kisha cha mtoto. Akaiweka stuli chini.

"Mzee wangu, siku ile ya kupima uliweka nini kwenye kikopo?"

"Nilichoambiwa."

"Kilikuwaje?"

Fundi alijikuna shingo. "Kisafi. Kikopo nilipewa na binti mmoja mstaarabu, umri wa mwanangu. Ningempaje uchafu? Nilipiga mswaki, nikasubiri kikohozi kitulie, nikatema mate meupe kabisa."

Mkewe alishika kichwa. "Miaka thelathini namfundisha usafi. Kumbe aliuweka akiba kwa siku hiyo."

Hadubini alicheka, ila si sana. "Mzee, mate ni ya mdomoni. Ugonjwa huu mara nyingi hukaa kwenye mapafu. Mteja akikwambia kochi lake limevunjika mguu, wewe utakagua mto? Sisi tunataka makohozi mazito, yanayotoka chini kifuani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeyaficha kwa adabu."

"Kwa hiyo ninao?"

"Sijui. Hata cheti chako hakijui. Njoo kesho."

Kesho yake Hadubini alimsimamisha nje, penye hewa, mbali na watu.

"Sukutua kwa maji. Vuta pumzi ndefu mara mbili, halafu kohoa kutoka chini. Usinionee haya. Huo uchafu ndio kazi yangu."

Fundi alikohoa, akatema, akafunga kikopo bila kukitazama. Kisha Hadubini alimwonyesha kupitia dirisha la maabara mashine moja ya kijivu iliyokaa juu ya meza.

"Zamani tulitegemea macho. Vijidudu wakiwa wachache, tuliwakosa. Kuwaotesha maabara ili waongezeke kulichukua wiki nyingi. Mashine hii inatafuta vinasaba vyao, yaani alama zilizo ndani ya kila kijidudu wa kifua kikuu, ambazo hakuna kijidudu wa aina nyingine aliye nazo. Ikizipata, inazinakili mara nyingi sana. Kuna rangi maalumu ndani, nayo huanza kung'aa. Mashine ikiona mwanga huo, tunajua. Inachukua saa mbili hivi tu."

"Aliyeibuni ni nani?"

"Ni wengi. Watu wa biolojia walizijua alama. Wa kemia walitengeneza rangi. Wa fizikia waliiwezesha mashine kuona mwanga hafifu. Hakuna ambaye angeweza peke yake. Wewe unaweza kutengeneza kochi bila seremala?"

"Siwezi. Ila simwambii."

Majibu yalitoka kabla ya mchana. Vijidudu wa kifua kikuu walikuwepo. Mashine ilionyesha pia kwamba hawakuwa sugu kwa dawa kuu.

"Utapona," Hadubini alisema. "Utameza dawa miezi sita bila kuruka, hata ukijiona mzima."

Fundi aliuliza neno moja tu. "Mtoto?"

Siku hiyohiyo daktari alimkagua mtoto, akaagiza picha ya kifua. Kisha akaomba kinyesi chake.

"Kinyesi?" fundi alimuuliza Hadubini. "Kifua kiko juu, mama."

"Mtoto hajui kutema. Makohozi anayameza. Watafiti wamegundua kwamba alama zilezile tunaweza kuzipata huko chini. Lakini kwa mtoto hatutegemei kipimo kimoja. Ndiyo maana kuna daktari na picha."

Usiku ule hakuna aliyekula vizuri. Siku iliyofuata binti alirudi kutoka kituoni akikimbia, mtoto mgongoni. Alisimama nje ya dirisha la karakana.

"Hana, baba. Picha ni safi, na kinyesi hakikuonyesha kitu. Daktari anasema ni mafua ya kawaida. Amempa dawa ya kumkinga asije akaugua kifua kikuu."

Fundi alikaa juu ya fremu ya kochi lisilo na sponji, akalia waziwazi. Mkewe alimtania kwamba analowesha mbao za watu, huku naye akifuta macho. Mzigo ulikuwa umewatoka wote.

Mambo yalibadilika nyumbani. Mke na binti walipimwa, wakakutwa wazima. Madirisha yalibaki wazi. Fundi alilala chumba cha peke yake, akafunika mdomo kila alipokohoa, na sponji kuukuu alizitolea nje. Dawa alimeza kila asubuhi mbele ya mkewe, ambaye hakukubali maneno matupu. Jasho lilikoma. Suruali zilianza kubana. Lakini fundi hakumbeba mtoto, asije akamwambukiza. Alimwimbia kutoka ng'ambo ya uwanja, na majirani walivumilia.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja daktari alimpima tena fundi na kumwambia kwamba hawezi tena kumwambukiza mtu, ila dawa aendelee nazo mpaka mwisho. Fundi alirudi nyumbani, akasimama mlangoni, mikono ameinyoosha. Binti alimtazama usoni, akaelewa, akamweka mtoto mikononi mwake.

Fundi alikaribia kupepesuka. Mtoto alikuwa ameongezeka uzito.