Pampu ya Nasma

Shule yetu iko Makambako, nyuma kidogo ya njia panda ambako malori ya mbao husimama madereva wakapate chai. Kila asubuhi tulianza kwa usafi wa mazingira, kisha mchakamchaka kuzunguka uwanja, kisha mstarini. Mwezi Septemba vumbi huwa jingi, na upepo wa kwetu hauna adabu. Unaingia puani, machoni, mpaka ndani ya daftari. Wenzangu walikimbia huku wakilalamika. Mimi sikulalamika, maana mwaka ule, nikiwa darasa la sita, nilikuwa mtu mkubwa. Nilikuwa mwenyekiti wa Klabu ya Mazingira.

Kama unataka kunicheka, nicheke sasa, kwa sababu mbele ya safari hutapata nafasi.

Tarehe kumi na sita Septemba ni Siku ya Ozoni Duniani, na afisa mazingira alikuwa ameahidi kuja kuona kazi zetu. Mlezi wa klabu, Mwalimu Joackim, alitufundisha kwamba juu sana angani kuna tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Zamani, alisema, majokofu na makopo ya kupuliza yalitumia gesi zilizokuwa zinalila tabaka hilo, ndiyo maana mataifa yakakubaliana kuziacha. Akatoa kabatini bango kuukuu lenye picha ya kopo linalopuliza, limekatwa kwa mistari miwili myekundu.

"Kusanyeni makopo matupu ya manukato na ya dawa ya mbu tuwaonyeshe wageni," alisema. "Kitu chochote mnachokitilia shaka, njooni mniulize kwanza."

Maneno yale ya mwisho niliyasikia vizuri kabisa. Niliona tu kwamba mwenyekiti hahitaji kuuliza.

Tulipata sanduku la mbao, tukaanza kukusanya. Makopo matupu yalikuwa machache, nami nikaamua kwamba hata yaliyojaa yaingie. Brayson alitumbukiza manukato ya kaka yake, na kesho yake akayachomoa akidhani sioni. Nikaleta kufuli kutoka nyumbani. Ufunguo niliufunga kwenye uzi, nikauvaa shingoni, ndani ya sweta. Tangu siku hiyo nilitembea nimetoa kifua, na kila asubuhi nilipekua mifuko ya wenzangu bila kutumwa na mtu.

Nasma alikuwa rafiki yangu. Tuliketi dawati moja tangu darasa la tatu, baada ya wazazi wake kuhamia Makambako kutoka Kondoa. Baba yake, Mzee Awadhi, alisafirisha viazi na mbao kwa malori yake mawili. Nasma alikuwa na pumu. Katika mfuko wa sketi alibeba pampu ndogo ya bluu. Akibanwa kifua aliitikisa, akaiweka mdomoni, akaibonyeza na kuvuta dawa, na baada ya muda mfupi tukaendelea na hesabu zetu. Nilikuwa nimeona hivyo mara nyingi na sikuwahi kufikiria lolote. Lakini Jumanne ile nililitazama bango, nikaitazama pampu, na nilichokiona kilikuwa kopo linalopuliza.

"Nasma, hiyo nayo iingie sandukuni," nilisema.

"Oktavia, hii ni dawa."

"Inapuliza, haipulizi?"

"Inapuliza, lakini..."

"Basi. Katazo ni katazo. Tukianza kusamehe marafiki, anga litapona lini?"

Darasa lilicheka, nami kicheko kile kikanipanda kichwani. Nilichukua chaki, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: WACHAFUZI WA ANGA. Chini yake niliandika jina moja tu. Nasma alilisoma jina lake. Macho yakamjaa machozi, akainuka, akaitumbukiza pampu yake sandukuni kwa mkono wake mwenyewe.

"Nikibanwa je?" aliuliza taratibu.

"Utaniambia, nitakufungulia. Si nipo hapa?"

Hivyo ndivyo nilivyomwahidi. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, nilikimbilia mazoezi ya kwaya parokiani, ufunguo ukiwa shingoni, nikamsahau. Nasma alirudi kwao bila dawa. Baadaye nilijua kwamba hakumwambia mama yake kwa sababu alionea aibu jina lake kuandikwa ubaoni.

Asubuhi ya Jumatano upepo ulikuwa mkali zaidi, na mashamba ya jirani yalikuwa yanachomwa. Tulikimbia mchakamchaka tukiimba ndani ya vumbi na moshi. Mzunguko wa pili haujaisha, Nasma alisimama. Aliinama, akashika magoti. Nilisikia kifua chake kikilia kwa mluzi mwembamba, kisha akakaa chini. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Mwalimu Joackim alifika mbio. "Nasma! Pampu yako iko wapi?"

Nasma hakuweza kusema. Aliinua mkono, akaelekeza vidole shingoni mwake, akapapasa pale, akanitazama mimi. Akarudia tena.

"Koo linamziba," mtu mmoja alisema. "Anaonyesha koo!"

Halikuwa koo. Alikuwa ananionyesha ufunguo. Katika uwanja mzima ni mimi peke yangu niliyeelewa, maana wenzangu walidhani nilishamrudishia pampu jana yake, na ufunguo nilikuwa nao, wa baridi, chini ya sweta langu. Sanduku lilikuwa darasani, hatua hamsini tu. Nilifungua mdomo. Kisha nikamwona Mwalimu, nikakumbuka "njooni mniulize kwanza," nikakumbuka wageni na uenyekiti wangu, nikaufunga mdomo. Mwalimu alipekua mfuko wa sketi ya Nasma, akamtuma Brayson akalete begi la Nasma, akalikung'uta lote chini. Madaftari yalianguka. Mimi nilisimama pale pale. Mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Mwishowe Mwalimu alimbeba Nasma mikononi, akasimamisha bajaji barabarani, wakaondoka kuelekea kituo cha afya.

Hapo ndipo nilipotoka mahali pangu. Nilikimbia darasani, nikafungua sanduku, nikaichukua pampu. Nilitoka nayo hadi barabarani, lakini bajaji ilikuwa imeshapotea. Ningeweza kukimbia kuifuata. Ningeweza kumpa mwalimu wa zamu na kumweleza. Sikufanya hivyo. Nilirudi darasani, nikaisukuma pampu ndani kabisa ya dawati letu, upande wa Nasma, chini ya karatasi zake.

Saa sita Mwalimu Joackim alirudi. "Nasma yuko hai," alisema, na darasa zima likapumua. Alipokuwa anakusanya vitu vyake aliikuta pampu. Aliigeuza geuza mkononi, akatikisa kichwa. "Kumbe aliiacha hapa, maskini."

Jioni ile mama alikuwa ameshasikia habari sokoni. Aliniambia nimwombee rafiki yangu. Nilipiga magoti, nikasali, ufunguo ukinigusa kifuani kila nilipoinama.

Kesho yake, baada ya vipindi, Mwalimu aliniita. "Oktavia, Nasma anahama. Baba yake anasema mtoto asiyejali dawa yake anahitaji mtu wa kumwangalia muda wote. Anampeleka Kondoa kwa bibi yake wiki ijayo. Wewe ni rafiki yake, twende ukampe madaftari."

Njia nzima hadi kituo cha afya niliyakumbatia madaftari, macho yakiwa chini. Mwalimu alidhani ni huzuni ya kuachana, akawa ananibembeleza, nami kila neno lake zuri lilinichoma.

Nasma alikuwa amelala kitandani, ameegemezwa mito. Baba yake alikuwa kwenye kiti kando yake, na Daktari Tereza alikuwa anasoma faili.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kumkumbuka mwenzako." Kisha akamgeukia binti yake. "Unaona? Wenzako wana akili. Mara ngapi nimekwambia pampu isitoke mfukoni? Nimekwambia sijakwambia?"

"Umeniambia, baba," Nasma alijibu kwa sauti iliyokauka. "Nilisahau."

Hakunitazama alipokuwa anasema. Alikuwa amenificha. Msichana niliyemwandika ubaoni kuwa mchafuzi, amelala pale kwa sababu yangu, na bado ananificha. Sikuweza tena. Nilivuta uzi kutoka ndani ya sweta mpaka ufunguo ukaning'inia mbele ya watu wote.

"Hakusahau," nilisema. "Nilimnyang'anya mimi. Niliifungia sandukuni. Jana alikuwa hashiki koo, Mwalimu, alikuwa ananionyesha huu ufunguo. Na dawatini niliiweka mimi, baada ya ninyi kuondoka."

Nililia, lakini sikusema kwamba nilikuwa sijui. Nilikuwa nimechoka kusema uongo.

Mzee Awadhi aliutazama ufunguo. "Ulielewa anachokuonyesha?"

"Nilielewa."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza, baba."

Nilitegemea anipige au anifukuze. Badala yake aliinama, akaushika mkono wa Nasma. "Na mimi tangu jana namgombeza mtoto mgonjwa," alisema. "Nisamehe, mama."

Mwalimu Joackim naye alikuwa anatazama sakafu. "Lile bango lilichapishwa kabla hawa watoto hawajazaliwa," alisema. "Nilipaswa kuwaeleza, nami nikalitundika tu."

Daktari Tereza aliweka faili chini. Aliichukua mezani pampu ambayo Mwalimu alikuwa ameirudisha, akaniwekea kiganjani.

"Oktavia, hukukosea kabisa kuhusu zamani," alisema. "Pampu za zamani zilikuwa na gesi ileile ya makopo ya manukato. Ilikuwa inaumiza ozoni kweli. Sasa nikuulize. Mataifa yalipokubaliana kuiacha, unadhani wenye pumu walinyang'anywa dawa?"

"Sijui, daktari."

"Hawakunyang'anywa. Wale waliotunga katazo waliuliza kwanza: tukifunga leo, nani atakosa pumzi kesho? Makopo ya manukato yakakatazwa kuitumia, kwa sababu hakuna anayekufa kwa kukosa kunukia. Lakini dawa ya pumu ikapewa kibali. Nchi zilizoihitaji ziliomba, zikaeleza zinataka gesi kiasi gani na kwa nini, na kiasi hicho kikawa kinapungua huku watengenezaji wakitafuta gesi nyingine. Hata maabara zilipewa nafasi kama hiyo. Chuoni kwetu kulikuwa na chupa moja ya kemikali ya namna hiyo, imefungiwa kabatini. Ukitaka hata kijiko, unaeleza ni kipimo gani na kwa nini hakuna njia nyingine. Njia nyingine ilipopatikana, chupa ikaondolewa."

"Na hii ya Nasma?" aliuliza Mwalimu.

"Hii haina gesi ile. Vibali viliisha zamani, kwa sababu dawa mpya zilipatikana. Gesi iliyomo sasa haili ozoni. Inachangia kidogo kuongeza joto la dunia, na wataalamu bado wanatafuta iliyo bora zaidi. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyemwambia mgonjwa akae bila dawa wakati wao wanatafuta."

Aliichukua pampu kiganjani mwangu, akamrudishia Nasma.

"Kosa lako la kwanza lilitokana na kutokujua," aliendelea, "na dawa ya kutokujua ni kuuliza. La pili, la kunyamaza uwanjani, ulilifanya ukijua. Hilo halina dawa nyingine ila hii uliyoitumia sasa hivi. Umechelewa kuitumia, na kuchelewa kwako kungetuondolea mtoto. Kumbuka yote mawili, ili usichelewe siku nyingine."

Nilimwomba Nasma msamaha. Aligeuka upande wa ukuta, nami nikaelewa.

Mzee Awadhi hakumpeleka Kondoa. Jumatatu nilisimama mstarini, mbele ya shule nzima, nikaeleza yote, na hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, niliamua mwenyewe. Uenyekiti nilivuliwa. Wengine walinong'ona juu yangu kwa wiki nyingi. Siku wageni walipokuja, sanduku lilikuwa mezani bila kufuli, na Mwalimu Joackim alikuwa ameandika tarehe ya lile bango kwa herufi kubwa kando ya picha. Mbele ya afisa mazingira alituambia, "Kulinda anga ni kazi njema. Lakini anayetunga kanuni lazima ajue kwanza inamlinda nani, na anayeisimamia asiwe na aibu ya kuuliza."

Nasma alirudi shuleni kabla ya mwisho wa mwezi. Tuliketi dawati moja kama zamani, lakini kwa siku kadhaa alizungumza nami mambo ya hesabu tu. Asubuhi moja, wakati wa mchakamchaka, alikuwa amesimama pembeni ya uwanja kwa ruhusa ya daktari, mdomo ameufunika kwa kitambaa. Kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka. Nilipopita aliniita.

"Nishikie," alisema, akaniwekea pampu mkononi, akainama kufunga kamba.

Niliishika kwa mikono miwili. Wenzangu walipita wakiimba, vumbi likatupita sote, nami sikuondoa macho kwa Nasma mpaka aliposimama wima na kuichukua dawa yake.